Sajini Chambuso Bado Yuko Gwarideni

Kulikuwa na nchi iitwayo Subira, na nchi hiyo ilikuwa na jeshi, na jeshi lilikuwa na bendi nzuri sana. Mengine yote kuhusu jeshi hilo ni siri, na sisi si watu wa kutoboa siri za serikali. Bendi tunaisema kwa sababu ilisikika hata kwa majirani.

Jeshi la Subira halikuwahi kushindwa. Lilipigana mara moja tu, na vita vyenyewe vilikuwa vya kugombea kilima na nchi jirani. Mvua kubwa ikakiporomosha kilima chote kikaingia mtoni, na pande zote mbili zikatangaza ushindi. Katika vita hivyo kijana mmoja, Hizza Chambuso, alijipatia cheo cha koplo, nishani ya shaba, na goti la kushoto lisilokunjika vizuri. Miaka ilivyokwenda cheo kilipanda kikafika sajini. Goti lilibaki pale pale.

Alitumikia miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo mkewe, Bi Siwatu, alikaa naye katika kota za jeshi, chumba na ukumbi, dirisha likitazama uwanja wa gwaride, akapika vitumbua kila alfajiri na kuvitangaza kwa sauti iliyowaamsha hata maofisa. Nje ya mji, mahali paitwapo Kwamzuri, walikuwa na nyumba yao wenyewe: kuta nne, milango miwili, madirisha matano, na mbingu. Kilichokosekana ni bati. Kila mwaka Chambuso alisema, "Kiinua mgongo kikitoka tu, mke wangu, tunaezeka," na kila mwaka Bi Siwatu alikwenda kung'oa majani yaliyoota sebuleni.

Basi siku ya kustaafu ikafika.

*

Wastaafu walikuwa arobaini na watatu, wamepangwa mistari mitatu, viatu vinang'aa. Mgeni rasmi alikuwa Luteni Jenerali Mwinyipembe, mtu mnene wa sauti na wa kila kitu. Alipanda jukwaani, akafungua karatasi.

"Ndugu wastaafu!" alisema. "Kustaafu si kufa. Kustaafu ni kutoka katika utumishi wa kusimama na kuingia katika utumishi wa kukaa! Taifa halitawasahau. Na hata likiwasahau, ninyi msilisahau!"

Watu walipiga makofi. Jenerali akakunja karatasi, akavuta pumzi, akaamuru, "Gwaride! Gwaride, mguu... sawa!" Visigino arobaini na vitatu vikalia kwa pamoja. Hapo lilibaki neno moja tu. Jenerali angesema "Tawanyika!", wastaafu wangegeuka kulia, wangepiga mguu chini, na wangekuwa raia.

Msaidizi wake akamsogelea, akamnong'oneza kwamba ndafu imeshatolewa jikoni kwenye harusi ya Waziri, na kwamba kuna watu wameshaanza kulitazama paja. Jenerali hakuwa mtu wa kudharau taarifa za kiintelijensia. Alishuka jukwaani akaingia garini. Bendi nayo ikamfuata, maana ilikuwa imealikwa.

Wastaafu wakabaki wamesimama. Ambaye hajawahi kuwa askari atauliza kwa nini hawakwenda zao. Hilo ni swali la kiraia. Meja mmoja aliyebaki uwanjani aliulizwa kwa macho, naye akajibu kwa mdomo kwamba hana mamlaka, kwani Kanuni ya Gwaride inasema anayelitawanya gwaride ni yule aliyelitia mguu sawa. Kisha naye akakumbuka shughuli fulani.

Saa kumi na moja mlinzi akaja na funguo, akasema anafunga geti. Chambuso, aliyekuwa mkubwa wao kwa cheo, akaona njia ya kutoka bila kuvunja amri. "Gwaride," akaita, "mbele... tembea!" Wakatoka kwa mwendo wa pole, wakapita barabara kuu, trafiki akawasimamishia magari. Kila aliyefika kwake alichomoka mstarini akaingia mlangoni. Mwisho akabaki Chambuso peke yake, akijiamuru na kujitii mpaka kwenye mlango wa kota.

"Mmeshaachiwa?" aliuliza Bi Siwatu.

"Bado," alisema Chambuso, akala chakula amesimama. Alipolala alilala chali, mikono imebana ubavuni, vidole vimenyooka kama rula. Bi Siwatu alidhani ni uchovu wa siku moja.

*

Ofisi ya mafao ya wanajeshi wa Subira ilikuwa na kaunta ya kioo, na nyuma ya kioo alikaa Bwana Katunzi, kijana mwenye adabu za kwao.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kile kiinua mgongo."

"Kipo! Hundi yako hii hapa, imeshapigwa mhuri." Katunzi akaibandika kwenye kioo kwa ndani ili mzee aione vizuri. Chambuso akaisoma kuanzia jina mpaka tarakimu, akaziona bati thelathini na sita zikimeremeta mle ndani. "Imebaki fomu ya gwaride tu. Kipengele cha saba kinauliza: gwaride lilitawanywa saa ngapi? Hapa karani wa gwaride ameandika kwamba halikutawanywa."

"Ni kweli."

Katunzi akasogeza mdomo kwenye kitundu cha kioo. "Mzee wangu, fikiri vizuri. Huenda lilitawanywa kwa sauti ndogo?"

Mtu mwingine angeelewa. Lakini Chambuso alikuwa amefundisha kwata vijana wa miaka kumi na minane, akawapigia kelele kwa jambo hilohilo. "Amri ya gwaride," alisema, "haitolewi kwa sauti ndogo."

"Basi kwa mujibu wa ofisi hii bado uko gwarideni."

"Na mshahara?"

"Mshahara ulikoma ulipoingia gwarideni."

"Kwa hiyo sasa hivi mimi ni nani?"

Katunzi alifikiri sana, akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga. "Wewe ni mzee wangu," akasema.

Aliporudi kota alikuta barua ya ofisi ya nyumba. Ilimpongeza kwa kustaafu na kumpa siku kumi na nne awe ameondoka. Alipoipeleka kwa Katunzi, Katunzi aliisifu kwa kuandikwa vizuri, akaeleza kwamba ofisi ya nyumba ina kanuni zake na ofisi ya mafao ina zake, na kwamba ndiyo maana serikali ilijenga ofisi mbili.

Wakahamia Kwamzuri. Walitandaza turubai juu ya chumba kimoja, wakaweka kitanda kwenye kona iliyovuja kidogo. Mvua ilipobadili upande, nao walibadili kona. Bi Siwatu hakulalamika, ila jioni moja, maji yakimtiririka mgongoni, aliuliza kwa upole, "Baba, hivi hilo gwaride lenu halina hata mwavuli?"

*

Wenyewe husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini askari aliye gwarideni haruhusiwi kuinama, kwa hiyo Chambuso aliamua kwenda kwa wima, mpaka kwa Jenerali Mwinyipembe mwenyewe.

Jenerali naye alikuwa amestaafu mwezi mmoja baadaye, bila taabu yoyote. Maofisa wa Subira hawastaafu wamesimama. Sheria yao inasema ofisa hulipwa akiwa ameketi, siku hiyohiyo, na hulipwa kamili awe ametumikia miaka arobaini au siku moja, kwa kuwa uongozi haupimwi kwa urefu, hupimwa kwa uzito. Jenerali alipewa nyumba, gari, mpishi, mtunza bustani, na kijana mwenye shahada wa kumkumbusha leo ni siku gani.

Alimpokea Chambuso barazani kwa furaha ya kweli. "Chambuso! Wewe si yule wa kilimani?"

"Ndiye mimi, afande."

"Unaendeleaje na maisha ya uraiani?"

"Niko gwarideni, afande." Akamweleza yote, bati, turubai, na hundi iliyoonekana kwenye kioo. "Ni neno moja tu, afande. Ukilisema hapa hapa barazani, mimi nitageuka kulia na mambo yatakwisha."

Jenerali alisikia uchungu mpaka akaweka kikombe chini. "Moyo unataka, Chambuso. Neno lenyewe lipo mdomoni. Lakini mimi sasa ni raia. Raia akimwamuru askari aliye gwarideni ni uasi, adhabu yake miaka ishirini, na sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe. Niivunje kwa mdomo wangu?"

"Hapana, afande."

"Umeona ugumu wa uongozi?" Jenerali alimpa mkono, na alipomwona mzee anaondoka mikono mitupu, huruma ikamshika tena, akamuuzia kitabu cha hotuba zake kwa nusu bei.

Hata hivyo Jenerali hakulilalia jambo hilo. Alipiga simu. Serikali ikaunda Kamati ya Kuchunguza Mazingira ya Kutotawanyika, yenye wajumbe kumi na wawili. Wajumbe walisafiri nchi tatu za mbali kutazama magwaride ya wenzetu yanavyotawanywa, wakarudi na taarifa kwamba huko hutawanywa kwa amri. Taarifa hiyo ilichapishwa kwa karatasi nene.

Kamati ilipendekeza mambo mawili. La pili tutalifikia. La kwanza lilikuwa semina.

*

Semina iliitwa Maisha Baada ya Jeshi, na mwezeshaji alikuwa kijana wa tai nyekundu ambaye maisha yake kabla ya jeshi wala baada yake hayakufahamika. Alitaka kujua kila mzee atafanyia nini mafao yake. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba hawajalipwa.

"Huo ndio umaskini wa fikra!" alisema mwezeshaji. "Fikirieni mmeshalipwa. Haya, kila mmoja aandike mradi."

Chambuso alitaka kuandika bati. Mwezeshaji akamwambia bati halitagi, akamshauri afuge kware. Basi Chambuso akakopa benki kwa kufikirika, akanunua kware wa kufikirika mia tano, akawajengea banda la kufikirika, na kwa vile alikuwa mtu mwangalifu akawawekea mlinzi. Siku ya pili ya semina mwezeshaji alitangaza kwamba soko la kware limeanguka. Siku ya tatu kware waliingiwa na ugonjwa wa mdondo, wakafa wote. Chambuso alirudi nyumbani na cheti cha ushiriki na deni la benki.

Alipofika hakutaka kula.

"Una nini?" aliuliza Bi Siwatu.

"Nina deni."

"La nani tena?"

"La kufikirika."

"Lilipe hivyohivyo," alisema Bi Siwatu, akampakulia maharage.

*

Mwezi wa kumi na tisa wa gwaride hilo, Koplo Pazi alifariki dunia. Pazi alikuwa mmoja wa wale arobaini na watatu, mpole asiyesikika. Alikufa kwake, kitini, anasikiliza taarifa ya habari. Lakini Katunzi alifungua faili akakuta kwamba Koplo Pazi hakuwa kitini. Alikuwa gwarideni. Na askari anayefia gwarideni amefia kazini.

Basi likaja jeneza lenye bendera. Bendi ikaja. Mizinga ikapigwa mpaka kuku wa mtaa mzima wakaacha kutaga. Siku ya nne mjane wake, Bi Mashavu, aliitwa ofisini akalipwa kila senti, kiinua mgongo na fidia juu, na hundi ilipitishwa chini ya kioo bila swali. Haijapata kuonekana ofisi ya Subira ikifanya kazi kwa kasi kama ile, na magazeti yaliisifu.

Pale makaburini wastaafu walitazamana, wakalitazama kaburi, na kila mmoja akapiga hesabu yake kimoyomoyo.

Bi Siwatu aliliona hilo usoni mwa mumewe. Alingoja wafike nyumbani, akamkalisha chini ya turubai.

"Unawaza nini?"

"Bati," alisema Chambuso.

"Bati la namna hiyo usiniwazie!" Alinong'ona, yeye mwenye sauti ya kuamsha kota nzima. "Nimekaa na wewe juani na kwenye mvua, sikukuuliza. Nikishaezekewa, hiyo mvua nitaisikiliza na nani? Na Katunzi?"

Chambuso aliona haya, kwa sababu ni kweli alikuwa amefika mpaka kwenye kuhesabu misumari.

*

Sasa tufike kwenye pendekezo la pili la kamati. Lilikuwa kurudia gwaride, na Jenerali arudishwe jeshini ili alitawanye. Wataalamu wa fedha walipiga hesabu wakaona kwamba Jenerali akirudishwa kwa siku nzima atastahili nyumba ya pili, na akirudishwa kwa saa moja atastahili gari. Wakamrudisha kwa dakika moja. Meja alikabidhiwa saa ya kuhesabia, ya zile za michezo ya shule.

Asubuhi ya siku hiyo Chambuso hakugusa vitumbua. Alimpa mkewe karatasi iliyokunjwa mara nne. "Iweke," alisema. "Nikichelewa sana ifungue." Bi Siwatu akaifunga kwenye pindo la kanga.

Walikuwepo arobaini na wawili, na pengo la Koplo Pazi likaachwa wazi katika mstari wa pili. Sare walikwisharudisha stoo siku nyingi, kwa hiyo kila mtu alivaa alichonacho: mwingine kanzu, mwingine suti ya harusi yake, mwingine joho la kwaya. Wake zao, na Bi Mashavu mjane, walisimama nyuma ya kamba. Jenerali alifika akapanda jukwaani, akaliweka gwaride mguu sawa kwa sauti ileile ya zamani, na Meja akabonyeza saa.

Neno lilikuwa hapo, kila mtu akaliona linavyopanda kooni mwa Jenerali.

"Ndugu wastaafu," alisema Jenerali, "kabla sijatoa amri hiyo ya kihistoria, naomba niseme machache." Akafungua karatasi. Ilikuwa ileile. "Kustaafu si kufa. Kustaafu ni kutoka katika utumishi wa kusimama na—"

"Dakika imekwisha, afande," alisema Meja. Akaitazama saa tena, akajisahihisha. "Dakika imekwisha, mzee."

Jenerali alishuka, akaenda kwenye hema la wageni ambako kulikuwa na kuku. Meja aliwatangazia wastaafu kwamba maombi ya dakika nyingine yatawasilishwa katika mwaka ujao wa fedha, na akawaomba wawe na uvumilivu. Kisha akamwita Chambuso pembeni, kwa macho. "Sajini, watoe nje kwa mwendo wa pole kama ile mara ya kwanza."

"Sitoki, afande," alisema Chambuso. Alisema akitazama mbele, kama inavyotakiwa. "Mimi niko gwarideni. Nitakuwa hapa."

Na wengine nao hawakutoka. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Jua la saa saba liliwakuta wamesimama, wazee wa watu, jasho linawatiririka ndani ya makoti. Goti la Chambuso lilianza kutetemeka. Mlinzi alimletea maji, naye akakataa kwa kufumba macho.

Ilipokaribia saa nane Bi Siwatu alifungua pindo la kanga, akaikunjua karatasi. Ilikuwa mwandiko wa mumewe, ule wa kujazia fomu. "Bati 36. Misumari kilo nne. Kofia za paa sita. Fundi ni Sufiani, usimpe zote kabla hajamaliza."

Aliisoma mara moja tu. Akaitazama ile shingo nyembamba mbele ya mstari wa kwanza, iliyoanza kuyumba, akaelewa kwamba mumewe hakuja pale kutawanywa. Hofu ilimshika, kisha hasira, na hasira ikaishinda hofu. Alifunga kanga kiunoni, akapita chini ya kamba, akapanda jukwaani kabla Meja hajajua la kufanya. Neno hilo alilisikia dirishani kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Alilijua lilivyo, hata pale pa kuvuta pumzi alipajua.

"Gwaride!" alipaza, kwa sauti ya kuuzia vitumbua. "Gwaride... tawanyi-KA!"

Wazee arobaini na wawili waligeuka kulia kama mtu mmoja. Wakapiga mguu chini, vumbi likatimka, wakatawanyika. Hemani Jenerali aliangusha paja la kuku, akasimama, akageuka kulia naye akaondoka, akafika nje ya geti kabla hajakumbuka kwamba alikuja na gari.

Chambuso hakwenda mbali. Alikwenda hatua nne, akaanguka mikononi mwa mkewe, na mkewe akamtukana huku akimpepea kwa ile karatasi ya bati.

Karani wa gwaride akatazama fomu yake. Ilimuuliza saa tu, haikumuuliza nani. Akaandika: saa nane na dakika kumi.

*

Kesho yake palikuwa na mtafaruku serikalini. Mwanamke raia alikuwa ameliamuru jeshi, na jeshi, jambo baya zaidi, lilikuwa limetii. Sheria ya Jenerali ilitaka miaka ishirini. Lakini kumshtaki kungelazimu kueleza mahakamani kwa nini gwaride lilisimama miezi ishirini na miwili, na wanasheria wa Subira hawapendi kuisumbua mahakama kwa maelezo marefu. Wakapata njia fupi. Waliandika kwamba Bi Siwatu alikuwa Luteni wa jeshi la Subira tangu saa nane na dakika kumi mpaka saa nane na dakika kumi na moja, akastaafu kwa heshima.

Baada ya wiki Bi Siwatu aliitwa ofisi ya mafao. Chambuso alimsindikiza. Bwana Katunzi alitoka nyuma ya kioo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akiwa amebeba kiti.

"Keti, afande," alisema.

"Mimi?"

"Ofisa hulipwa akiwa ameketi."

Bi Siwatu akaketi. Hundi ikaja. Chambuso aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti, akaisoma tena. Dakika moja ya mkewe ilikuwa imeizidi miaka yake thelathini na mmoja kwa bati kumi na nane. Alikohoa kidogo. Alitaka kufurahi, na kweli alifurahi, ila kwa shida kidogo.

"Na mimi, mwanangu?" akamuuliza Katunzi.

"Faili lako liko safi, mzee wangu. Kipengele cha saba kimejazwa." Katunzi akashusha sauti. "Ila kuna jambo dogo. Miezi ishirini na miwili ulikuwa gwarideni, na katika miezi hiyo ulionekana nyumbani, ukaonekana kwa Jenerali, ukaonekana kwenye semina, na cheti cha semina kipo humu. Maana yake uliondoka gwarideni bila ruhusa. Kanuni inauita utoro. Wenzako wote ni hivyo hivyo. Mtoro halipwi mpaka aadhibiwe kwanza."

"Aadhibiwe na nani?"

"Na ofisa aliyelitawanya gwaride," alisema Katunzi, na kwa heshima kubwa akamkabidhi mwanamke aliyeketi barua arobaini na mbili.

*

Fundi Sufiani alimaliza kuezeka na kutia mlango mpya siku ya Jumamosi, akalipwa nusu ya mwisho pale aliposhuka ngazi. Jumapili baada ya chakula cha mchana mvua ikaja. Ilianza na matone makubwa yaliyohesabika, kisha ikashuka yote, bati likanguruma, na chumbani hapakuingia hata tone. Chambuso alikuwa amejilaza kitandani. Alisema jambo, lakini kwa kelele za bati mkewe hakumsikia.

Bi Siwatu alikaa mezani na zile barua. Kazi hakuipenda, lakini aliifanya kama alivyofanya kazi zote, mpaka mwisho. Barua arobaini na moja alikuwa amezijibu juzi na jana, zote hukumu moja. Iliyobaki ilikuwa ya mumewe. Akachukua kalamu, akaandika polepole, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema:

"Mtoro Hizza Chambuso amepatikana. Amehukumiwa kulala. Amefungwa ndani ya nyumba, hatoki mpaka mvua iishe. Siwatu, Luteni, mstaafu."

Akainua uso kumsomea. Chambuso alikuwa amelala. Hakulala chali. Alikuwa amejikunja ubavuni kama mtoto, mkono mmoja chini ya shavu, magoti yamekunjwa, la kushoto kwa kadiri lilivyokubali.

Katunzi alikuwa amesema barua zifike mapema ili faili liendelee kushughulikiwa. Bi Siwatu aliiweka ya mwisho juu ya zile nyingine, akaziacha hapo mezani. Mlango mpya wa Sufiani ulikuwa unalia, na kuufungua kungemwamsha mfungwa wake.